Mizani ya malori na rimoti isiyoonekana: je, kipimo kinarekebishwa kwa mbali?

Ukikaa kwenye kibanda cha chai jirani na mizani ya barabarani, kikombe hakipoi kabla hujasikia kesi. Juzi nilikaa kimoja. Dereva wa semi alikuwa amepima mzigo mjini, gari likasoma tani 55.8. Amefika mizani ya mbele, limesoma tani 56.1, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaishia tani 56 kwa gari zima na mzigo wake. Utingo wake hakuwa na shaka hata kidogo: "Mle ndani wana rimoti. Wakiliona gari tu, wanaminya." Mzee mmoja aliyekuwa anamenya muhogo akasema rimoti ni mambo ya kizamani, siku hizi mizani inarekebishwa kwa intaneti na mtu aliyekaa Ulaya. Wa tatu akabisha: chuma hakirekebishwi kwa simu, chuma ni chuma.

Wote watatu walikuwa na kipande cha ukweli mkononi, ila kila mmoja alikishika upande usio wake. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa saketi za mizani, kwa hiyo acha nilifungue fundo hili taratibu. Nitaanza na maneno matatu, maana ugomvi mwingi unatokana na watu kuyachanganya.

Kuhakiki ni kuweka juu ya mizani uzito unaojulikana, yaani mawe ya mizani yenye chapa, na kutazama mizani inasema nini. Kurekebisha ni kubadili namba zilizohifadhiwa ndani ya indiketa, lile boksi lenye tarakimu zinazowaka, mpaka usomaji ulingane na mawe. Neno la tatu ndilo wasilolijua wengi: kupiga shanti. Hapo fundi haweki uzito wowote. Anaidanganya saketi kwa makusudi, kwa kiasi anachokijua, ili aone kama itadanganyika kwa kiasi hichohicho. La tatu linafanyika kwa mbali, na la pili pia. La kwanza halifanyiki kwa mbali, na nikimaliza utaona kwa nini.

Chuma kinachobonyea bila kuonekana

Chini ya jukwaa la mizani ya malori hakuna springi. Kuna vipande vya chuma kigumu vilivyosimama kwenye pembe na ubavuni, mara nyingi 6 au 8, vinene kama mkono wa mtu mzima. Hizo ndizo lodiseli. Gari likipanda, kila lodiseli inabonyea, lakini kidogo mno, hata ukilala chini na tochi hutaona kitu.

Kiasi hicho cha kubonyea au kuvutika, ukikilinganisha na urefu wa awali, ndicho kinachoitwa streni. Chukua fimbo ya chuma ya mita 1 uivute hadi iongezeke milimita 1. Umeipa streni ya 1 kwa 1,000, au maikrostreni 1,000 kama tunavyosema sisi. Lodiseli iliyobeba mzigo wake kamili hufika maeneo hayohayo. Sasa kumbuka kwamba chuma chenyewe si mita nzima, ni kipande cha sentimita chache.

Ili kukiona kitu kidogo hivyo, tunabandika geji. Streni geji ni utepe mwembamba wa metali uliochorwa kwa kwenda na kurudi, kama mstari wa cherehani, juu ya karatasi laini ya plastiki isiyozidi ukubwa wa ukucha. Inagandishwa kwa gundi juu ya chuma ili chuma kikivutika, nayo ivutike. Ukivuta mpira wa manati, unarefuka na papo hapo unakonda. Metali ya geji nayo hurefuka ikakonda, na umeme ukipita kwenye njia ndefu na nyembamba hupita kwa shida zaidi. Shida hiyo ndiyo ukinzani, na kipimo chake ni ohm. Geji ya kawaida ya ohm 350, ikipewa maikrostreni 1,000, inaongezeka ohm 0.7. Kutoka 350 hadi 350.7, basi.

Kwamba waya ukivutwa hubadili ukinzani, William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alilieleza mwaka 1856. Halafu jambo likalala miaka themanini na zaidi. Mwaka 1938, Marekani, watu wawili wasiofanya kazi pamoja walilifikia kila mmoja kwa njia yake: Edward Simmons huko California, na Arthur Ruge wa chuo cha MIT, ambaye alikuwa anahangaika kujua matangi ya maji yanaumia vipi tetemeko la ardhi likipita. Chuo chake kilitazama uvumbuzi huo kikaona hauna biashara kubwa, kikamwachia haki yake. Leo mizani ya kielektroniki ya dukani, ya hospitalini na ya bandarini, karibu zote zinakaa juu ya wazo hilo.

Kishada cha geji nne

Ohm 0.7 juu ya 350 haipimwi kwa kuikodolea macho. Inapimwa kwa kulinganisha, kama sonara anavyolinganisha vitanga viwili. Ndani ya lodiseli geji nne zimeungwa kwa umbo la kishada cha watoto, kile cha karatasi kinachorushwa hewani: umeme unaingia kwenye ncha ya juu na kutokea ya chini, na sisi tunapima tofauti kati ya ncha ya kushoto na ya kulia. Gari likiwa halijapanda, pande mbili zinalingana na tofauti ni sifuri, au karibu na sifuri. Likipanda, geji mbili zinavutika, mbili zinabanwa, kishada kinaelemea upande mmoja. Mpangilio huu unaitwa daraja la Wheatstone, kwa jina la Charles Wheatstone aliyeutangaza mwaka 1843, ingawa Samuel Hunter Christie alikuwa ameueleza miaka kumi kabla. Sifa nazo zina mizani yake.

Tofauti inayotoka ni ndogo kiasi cha kutia huruma. Tuseme tuna lodiseli 8 za tani 30 kila moja, na kila moja ikibeba tani zake 30 inatoa milivolti 2 kwa kila volti 1 tuliyoilisha. Tukilisha volti 10, mzigo kamili ni milivolti 20. Lakini lodiseli hizo kwa jumla zina uwezo wa tani 240, na mizani yenyewe inapima mwisho tani 80, kwa hiyo tunatumia theluthi tu: milivolti 6.7. Mizani hiyo inasoma kwa hatua za kilo 20, maana yake hatua 4,000. Gawanya. Kila kilo 20 ni kama sehemu 1.7 tu ukiigawanya volti moja mara milioni. Betri ya rimoti ya televisheni ina volti 1.5, unatafuta kitu kidogo kuliko hicho karibu mara milioni.

Ukishaielewa namba hiyo, hutashangaa tena kwa nini umbali unatusumbua.

Waya nao una mkono wake

Kibanda cha mpimaji kiko hatua kadhaa kutoka kwenye jukwaa. Tuseme waya ni mita 30, shaba, unene wa milimita za mraba 0.5. Waya mmoja wa urefu huo una ukinzani wa karibu ohm 1. Umeme unakwenda na kurudi, basi ni ohm 2. Mtu atasema, ohm 2 mbele ya 350 ni nini? Tatizo ni kwamba lodiseli 8 zimeungwa sambamba ndani ya boksi la maungio, na milango minane iliyofunguliwa pamoja hupitisha watu kwa wepesi kuliko mmoja: ukinzani wa zote kwa pamoja ni 350 gawanya kwa 8, yaani karibu ohm 44. Sasa ohm 2 za waya ni kubwa. Kati ya volti 10 ulizotuma, lodiseli zinapokea 9.55. Zilizobaki zimekufa njiani.

Hasara isiyobadilika haina neno; unarekebisha mara moja, inaisha. Lakini shaba inabadilika na joto. Kila nyuzi 1 ya joto inaongeza ukinzani wake kwa asilimia 0.39. Kutoka alfajiri hadi saa nane mchana, waya uliolazwa juani unaweza kupanda nyuzi 20 bila taabu. Nimeipigia hesabu saketi hii ya mfano: usomaji unashuka asilimia 0.35. Kwa gari la tani 56 hizo ni karibu kilo 200, na hakuna aliyegusa chochote.

Dawa yake ipo na ni ya zamani. Badala ya waya nne tunapeleka sita. Mbili za nyongeza hazibebi umeme wa kulisha. Kazi yao ni kwenda kuchungulia volti ngapi zimefika kweli kule kwenye lodiseli na kurudisha habari. Indiketa ikijua zimefika 9.55, inapiga hesabu yake kwa 9.55. Unamtuma mtoto na elfu kumi sokoni, halafu unampigia muuza nyanya kumuuliza amepokea ngapi. Ukiona mizani kubwa imefungwa kwa waya nne na kibanda kiko mbali, hapo utingo ana haki ya kununa.

Uzito wa uongo

Sasa tufike kwenye shanti yenyewe. Kuleta mawe ya tani kadhaa ni gharama: lori, winchi, watu, siku nzima mizani imefungwa na foleni inafika barabara kuu. Kati ya uhakiki mmoja na mwingine fundi anataka kujua kama saketi yake bado ni ileile. Anachofanya ni kuchukua resista moja nzuri, yaani kijidude chenye ukinzani unaojulikana, ukubwa wa punje ya mchele, na kuiunga sambamba na geji moja ya kishada. Umeme ukipata njia ya pembeni, hata kama ni ya ufinyu, upande ule unapungukiwa ukinzani kidogo, kishada kinaelemea, na indiketa inadhani gari limepanda.

Uzuri wake ni kwamba uongo huo una hesabu kamili. Resista ya ohm 174,650 juu ya geji ya ohm 350 inaishusha kwa ohm 0.7, yaani maikrostreni 1,000 za geji ya kawaida. Kwa kuwa tumegusa geji moja kati ya nne, kishada kinatoa milivolti 0.5 kwa kila volti, robo ya mzigo kamili. Kwenye lodiseli ya tani 30, punje ile ya mchele imejifanya tani 7.5. Inaingia kwa swichi ndogo ya umeme, rilei, na rilei haijali amri imetoka kibandani, Dar es Salaam au Ulaya. Kwa maana hiyo mzee wa muhogo hakukosea: mtu aliye mbali anaweza kubonyeza, akaziona tani 7.5 za uongo zikipanda kwenye skrini yake, akabonyeza tena zikaondoka.

Kuna mtego hapa ambao umewaumbua mafundi wengi, na nitaueleza kwa urefu kwa sababu mimi mwenyewe niliuingia. Resista inakaa wapi? Ikikaa kule kwenye boksi la maungio, karibu na geji, mambo ni safi. Lakini ni rahisi zaidi kuiweka kibandani, ndani ya indiketa, na kuiunga kwenye ncha za waya zinazokuja. Kwa macho ni kitu kilekile. Kwa umeme sivyo, kwa sababu sasa mkondo wa resista unalazimika kusafiri kwenye waya wa ishara, ule unaoleta tofauti ya kishada kibandani, waya ambao kawaida haubebi kitu. Mkondo ni mdogo, kama sehemu 29 za milioni ya ampea. Ukipita kwenye ohm 1 ya waya unaacha sehemu 29 za milioni ya volti njiani, na indiketa inazihesabu kama uzito. Katika mizani yetu ya mfano, tani 7.5 za shanti ni sehemu 625 za milioni ya volti tu baada ya kugawanywa kwa lodiseli nane. Yaani umeongeza karibu asilimia 5 isiyokuwepo.

Fundi asiyejua anaona indiketa inasoma tani 7.85 wakati karatasi yake inasema 7.5. Anafurahi kwamba amekamata kosa, anarekebisha mpaka isome 7.5. Kuanzia saa hiyo gari la tani 56 linasoma tani 53 na nusu. Ubaya wa kosa la namna hii ni kwamba halina mlalamikaji. Ni dereva gani atarudi kusema mizani imempunguzia? Kwangu lilijulikana baada ya wiki mbili, mhasibu alipokuta mzigo ulioingia ghalani ni mdogo kuliko uliotoka.

Ukilazimika kuiweka resista mbali, unapeleka waya zake peke yake hadi kwenye ncha za geji, ili mkondo wake usipite kwenye njia ya ishara. Njia nyingine, ambayo mimi naipenda zaidi kwa sababu haihitaji ujasiri wa hesabu, ni hii: siku mawe yenye chapa yapo juu ya mizani na kila kitu kimekubali, ukishayashusha, bonyeza shanti na uandike inachosoma. Isome 7.5, isome 7.85, haidhuru. Hiyo ndiyo namba ya kumbukumbu. Mwezi ujao, ukiwa mbali, ukibonyeza na ikarudi namba ileile, unajua saketi haijasogea. Isiporudi, usirekebishe kitu. Panda gari uende.

Mvua inavyopiga shanti bila kuitwa

Mwezi wa nne nilipigiwa kwamba mizani tupu inasoma kilo 1,300, na watu wa kituo wanaamini kuna mtu anaichezea usiku. Tulifungua boksi la maungio la pembe ya kaskazini. Mpira wa kifuniko ulikuwa umekauka na kupasuka, na ndani kulikuwa na maji ya rangi ya chai yanafika nusu ya vituo vya waya, na konokono mmoja.

Maji machafu hupitisha umeme kidogo. Yakikaa kati ya ncha mbili za geji yanakuwa resista sambamba, shanti iliyopigwa na mvua. Kama njia ile ya maji ina ukinzani wa ohm milioni 1, ambazo kwa kazi nyingine za umeme mtu angesema ni salama kabisa, kwenye geji ya ohm 350 inajifanya maikrostreni 175. Kwenye lodiseli ya tani 30 hizo ni tani 1.3. Tulikausha kwa kikausha nywele tulichoazima saluni ya jirani, tukabadili mpira, namba ikarudi sifuri kabla mchana haujaisha. Konokono alitupwa majanini.

Kosa la namna hii shanti ya mbali inalinusa vizuri. Vilevile inanusa waya uliokatika, panya aliyetafuna, amplifaya inayozeeka, umeme wa kulisha ulioshuka. Chochote kilicho ndani ya njia ya umeme.

Kisichonuswa

Nje ya njia ya umeme, shanti ni kipofu. Kuna kiwanda kimoja kinachonunua miwa, wakulima walianza kunung'unika kwamba matrekta yao yanapunjwa. Uongozi ukampigia mtaalamu wa mbali. Akaingia kwenye indiketa kwa intaneti, akabonyeza shanti, ikarudi namba ileile ya kumbukumbu hadi kilo ya mwisho. Akaandika barua pepe kwamba mizani ni nzima. Barua ikabandikwa ubaoni. Wakulima wakaisoma, wakanung'unika zaidi.

Nilipofika sikuwa na kifaa cha maana zaidi ya mlinzi wa getini na bisibisi ndefu. Kati ya jukwaa na ukuta wa zege kuna nafasi ndogo ya vidole viwili, na lazima iwe wazi mzunguko mzima, maana jukwaa linatakiwa kukaa juu ya lodiseli na si juu ya kitu kingine chochote. Upande wa kutokea, mabaki ya miwa na udongo vilikuwa vimeshindiliwa na magurudumu hadi vikawa kama tofali, na katikati yake jiwe la ukubwa wa ngumi. Trekta likipanda, jiwe linabeba sehemu ya mzigo na kuushusha ukutani. Lodiseli zilikuwa zinasema kweli tupu kuhusu mzigo uliozifikia. Saketi ilikuwa nzima. Mizani ilikuwa mbovu.

Kupiga shanti ni kumpigia mtu simu na kumuuliza "Unanisikia?" Akijibu "Nakusikia vizuri", umejua simu yake ni nzima. Hujajua amesimama wapi, wala kama anayoyaona ni yale unayodhani anayaona. Gundi iliyoanza kuachia chini ya geji, lodiseli iliyoinama, boliti iliyolegea, jiwe la ukutani: hakuna hata moja linalogusa resista ile. Ndiyo sababu maofisa wa Wakala wa Vipimo, kwa upande wa Tanzania, hawawezi kukaa ofisini na kuhakiki kwa kompyuta. Wanakuja na mawe. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka chombo cha biashara kipimwe kwa kipimo kilichothibitishwa, si kwa ahadi ya saketi. Wenye ndege wanalijua hili pia. Mabawa hubandikwa geji ili kujua yanabeba kiasi gani angani, ambako huwezi kuning'iniza jiwe. Lakini ripoti ya NACA, shirika la Marekani la utafiti wa ndege, ya mwaka 1954 iliyoweka utaratibu wa kazi hiyo inaanzia ardhini, bawa likisukumwa kwa nguvu zinazojulikana mahali hapa na pale, ndipo ndege iruke.

Hata kurekebisha kwa kutegemea cheti cha kiwandani, jambo ambalo indiketa za kisasa zinaruhusu, kuna shimo lake. Lodiseli haipimi kilo. Inapima nguvu ambayo dunia inauvutia mzigo. Na dunia haivuti sawa kila mahali. Berlin mvutano, kwa mita kwa sekunde mraba, ni karibu 9.813, Dar es Salaam karibu 9.781. Mizani iliyorekebishwa Berlin kisha ikaletwa hapa bila kuguswa itapunguza asilimia 0.3 na ushee, kilo 180 kwenye gari la tani 56. Haijaharibika njiani, imekaribia ikweta.

Na rimoti ya utingo?

Siwezi kumwambia utingo kwamba anaota. Kama punje ya mchele inaweza kujifanya tani 7.5 kwa amri ya rilei, basi mwenye nia mbaya akiingiza punje yake ndani ya boksi la maungio anaweza kufanya hivyohivyo kwa rimoti. Hila za namna hiyo zimewahi kukamatwa kwenye mizani za biashara nje huko. Lakini tazama inahitaji nini: mtu afungue boksi, aguse waya, afunge. Boksi hilo na sehemu ya marekebisho ya indiketa vinatakiwa kuwa na lakiri, waya mwembamba uliofungwa kwa kidonge cha risasi chenye alama. Indiketa nyingi za leo zina pia hesabu ya ndani inayoongezeka kila zinaporekebishwa, na hesabu hiyo hairudi nyuma, awe amerekebisha kwa mkono au kwa intaneti. Ofisa huiandika siku ya uhakiki. Ikikutwa imesogea, kuna mtu aliingia.

Kwa hiyo mwenye wasiwasi asianze na rimoti. Aulize stika ya mwaka huu iko wapi, lakiri zote zipo, na ile nafasi ya vidole viwili iko wazi pande zote. Hilo la mwisho halihitaji ruhusa ya mtu. Ni kuinama tu na kuchungulia.

Niliwaeleza haya pale kibandani, kwa ufupi zaidi. Mzee wa muhogo akaridhika. Utingo hakuridhika: kilo 300 zimetoka wapi, basi, kama si rimoti? Nikamuuliza dereva kama kati ya mizani ya kwanza na ya pili alipita sheli. Akasema aliongeza mafuta kidogo. Kidogo kiasi gani? Akatoa risiti kwenye mfuko wa shati, akaikunjua juu ya meza kati ya vikombe. Lita 360. Lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi. Utingo ndiye aliyepiga hesabu kwenye simu yake, akatazama jibu, akamtazama dereva.